Mguu Wako na Falsafa Yangu

Baba yangu mpendwa,

Barua hii nimeiacha wazi, na watu wa huku hawapiti karibu na barua iliyo wazi bila kuisoma, kwa hiyo nianze kwa kuwaondolea mashaka. Ninayemwandikia ni mama yangu. Kwetu Ugusii mama huitwa Baba, na baba huitwa Tata. Na wewe kwa mapenzi yako uliniita mimi Tata, tangu nilipokuwa na meno ya utotoni hadi nilipoanza kung'oa ya ukubwani. Mgeni angetusikiliza jikoni, mimi nikikuita Baba na wewe ukiniita Tata, angedhani ile ni nyumba ya wanaume watupu, na angebaki akijiuliza ni nani anayepika.

Siku ile tulipofika hospitalini nilimwambia karani wa mapokezi, "Baba ni mgonjwa," kwa sababu nilikuwa na haraka na ulimi wangu ulikimbilia nyumbani. Akaandika: mwanamume, miaka sabini na mitatu. Tukasukumwa hadi wadi ya wanaume. Ukiwa kwenye kiti cha magurudumu uliwatazama wale wazee mmoja mmoja, kitanda kwa kitanda, kisha ukaniuliza polepole, "Tata, umenileta nitibiwe au nichague?" Nilicheka hadi muuguzi akatukemea. Sikujua kwamba ndiyo mara ya mwisho wewe na mimi kucheka pamoja. Ningejua, ningemwacha karani aendelee kukosea.

Imepita miezi minne tangu tukuzike. Nakuandikia kutoka kibandani kwangu Kiogoro, kwenye kompyuta ile ile uliyokuwa ukiifunika kwa leso yako kila ulipokuja, ili isipigwe na baridi. Kazi ni ile ile. Nachapa barua za shule, mikataba ya kukodisha shamba, na zaidi ya yote wasifu wa marehemu. Nimechapa wasifu wa watu wengi, Baba, na nimegundua kwamba wafu wote wa upande huu walikuwa wakarimu, walilipenda kanisa na waliugua kwa uvumilivu. Sijawahi kuletewa marehemu mchoyo hata mmoja. Wachoyo nadhani hawafi.

Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja kuchapisha wasifu wa kaka yake.

"Andika alikuwa mvumilivu," akasema.

"Alivumilia nini, mzee?"

"Wewe andika tu. Hiyo huwekewa kila mtu."

"Lazima kuna kitu alivumilia."

Akafikiri kidogo. "Alituvumilia sisi," akasema. "Lakini hiyo usiandike."

Wasifu wako niliuchapa mwenyewe. Niliandika kwamba uliikabili hali yako kwa utulivu wa ajabu, na uliposomwa pale uwanjani kwako Nyansiongo watu walitikisa vichwa, wakaridhika. Sentensi ile ilikuwa nzuri. Nimekuwa nikiichukia tangu siku hiyo, na leo nataka kukuandikia yale ambayo niliyaacha nje.

Unakikumbuka kitabu changu. Nilikinunua mjini Kisii, kwa mama mmoja anayeuza vitabu vya mitumba kando ya viatu vya mitumba, na vitabu ndivyo vilivyokuwa rahisi. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo. Panya walikuwa wamekula jina la mwandishi wakaacha hekima. Au labda waliionja hekima wakaona haina chumvi. Kilikuwa cha Kiingereza kigumu, na mimi niliishia kidato cha pili, kwa hiyo nilikisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa juma, kama mtu anayevunja mawe.

Kilizungumzia watu wa kale wa Ugiriki walioitwa Wastoa. Nilipowaelewa, niliwaelewa kama maelekezo ya dawa. Yagawe mambo yote mafungu mawili: yaliyo mikononi mwako, uyashughulikie, yasiyo mikononi mwako, uyaache yapite. Kila asubuhi ujiambie kwamba leo utakutana na wajinga, ili wakija wasikushtue. Kila ulicho nacho ukihesabu kuwa umeazimwa, ili mwenyewe akija kukichukua usigombane naye mlangoni.

Basi nikaanza kuishi hivyo. Stima ikipotea nikiwa ukurasa wa tisa na sijahifadhi kitu, sikutukana tena. Nilikunja mikono nikasema, stima haimo mikononi mwangu. Mteja akiniambia herufi nilizochagua hazina huzuni ya kutosha, nilimtafutia zenye huzuni zaidi, kimya kimya. Majirani wa kibanda waliponiona sigombani na mtu, mmoja aliuliza kama nimeokoka, mwingine akauliza kama nimepimwa presha. Nilifurahi sana kuwa mtu asiyefurahi wala kukasirika. Nilijiona nimepanda mlima na wenzangu wote wako bondeni wakipigania chenji.

Lakini hekima bila msikilizaji ni kama harusi bila majirani. Ndipo nikaanza kukuletea wewe. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yetu, maana Jumamosi ilikuwa Sabato yako na siku hiyo hukutaka kumsikiliza mtu mwingine isipokuwa Mungu. Nilipanda gari asubuhi, nikapita Keroka, nikakukuta tayari uko katikati ya majani chai, kikapu mgongoni, gambuti zako nyeusi miguuni. Nilitembea kwenye mstari wa pili nikikusomea kwa Kiingereza kisha nikikugeuzia kwa Ekegusii, na wewe ukichuma, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, bila kuinua kichwa.

"Hao watu wako walikuwa na chai?" ukaniuliza siku ya kwanza.

"Hapana, Baba."

"Ng'ombe?"

"Nadhani walikuwa na mbuzi."

"Na wake?"

"Wengine walikuwa nao."

"Basi hao wake ndio walioijua hiyo falsafa. Wenyewe waliandika tu."

Nilikuambia hapana, hii ni elimu ya watu wakubwa, mmoja wao alikuwa hata mfalme. Ukasimama, ukanyoosha mgongo, ukanitazama kwa huruma. "Hii si elimu, Tata. Hii ni uzee. Wewe umeupata mapema kwa sababu hupendi kulima."

Nililiandika hilo kwenye daftari langu. Niliandika mengi yako. Mwaka ule mvua ya mawe ilipopiga Borabu nzima na chai yako ikabaki matawi kama fimbo za kuchungia, nilikuwepo. Ulisimama mlangoni ukatazama hadi ikaisha. Kisha ukasema, "Haya. Imekula chake," ukaingia ndani kubandika uji. Mimi nilitetemeka kwa furaha. Nilimpigia simu dada yangu Moraa kule Nyamarambe anakofundisha, nikamwambia Wagiriki walihitaji vitabu, sisi tuna mama.

Moraa akasema, "Ulimfuata nyuma ya zizi?"

"Kufanya nini?"

"Mimi nilizaliwa katika nyumba hiyo hiyo," akasema. "Akisema haya, mfuate nyuma ya zizi. Huko ndiko analilia."

Sikuliandika hilo kwenye daftari. Niliona Moraa hajasoma.

Sasa tufike kwenye mguu. Mwezi ule mlipopogoa chai, kisiki cha shina kilitoboa gambuti yako ya kushoto kikaingia wayoni. Mtu mwingine angepiga kelele zikafika Kebirigo. Lakini sukari ilikuwa imeshaula mguu wako kwa ndani miaka mingi, haukuwa ukisikia kitu. Mguu ulikuwa umekuwa Mstoa kabla yetu sote. Ulimaliza mstari, ukapeleka majani kituoni, ukarudi nyumbani, na jioni ndipo ulipoona soksi.

Nilikupigia simu majuma matatu mfululizo. Wewe unajua salamu zetu zilivyo. Mtu akikuuliza u hali gani, jibu ni moja, *buya*, salama, hata kama nyumba yako inaungua. Unasema *buya* kwanza, kisha unasema *korende*, yaani lakini, na moto unafuata nyuma ya hiyo lakini. Kila Mgusii anajua kungoja hapo katikati. Mimi nilikuuliza, ukasema *buya*, nami nikasema vizuri, nikakusomea kipande cha kitabu, nikakata simu. Majuma matatu sikungoja lakini yako.

Moraa ndiye aliyekuja. Aliingia tu mlangoni akasimama, maana harufu ilimfikia kabla yako. Akakuvua gambuti kwa nguvu mkigombana. Kisha akanipigia, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyebeba maji ya moto.

"Njoo," akasema. "Na usije na kitabu."

Nilikuja nacho. Kilikuwa kwenye mfuko wa koti.

Daktari alikuwa kijana wa pwani, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Alivuta kiti akakaa karibu nawe, jambo ambalo wengine hawakuwa wamelifanya. "Bibi," akasema, "mguu huu hauna budi kuondolewa, chini kidogo ya goti. Tukichelewa sumu itaingia kwenye damu. Tunaomba ridhaa yako, leo au kesho."

Ukanigeukia. "Ridhaa ni nini?"

"Ni kukubali kwako, Baba."

"Mwambie sina." Kisha ukaona ni afadhali umwambie mwenyewe, kwa Kiswahili chako cha sokoni: "Daktari, hiyo mguu ni yangu. Mimi nilikuja na mbili, nitaenda na mbili."

Hakubishana nawe. Alinivuta mimi kando, kwenye korido. "Kaka, zungumza naye. Wazee wengi hukataa mwanzoni, tumezoea. Jamaa wakikaa naye wakamsihi, hukubali. Tuna muda kidogo tu."

Na mimi, Baba, unajua nilimjibu nini? Nilimwambia kwamba mwili ni wa mwenye mwili, kwamba uamuzi wa mtu mwingine haumo mikononi mwangu, kwamba mama yangu ni mtu aliyejizoeza kuachilia. Nilisema kwa Kiswahili sanifu. Nadhani nilitaka ajue kwamba hata huku bara kuna watu.

"Sawa, kaka," akasema. "Lakini mguu haungoji falsafa."

Niliporudi wadini (wadi ya wanawake sasa), Moraa alikuwa amepiga magoti sakafuni ameushika ule mguu mzima, analia mbele za watu, anakuomba kwa majina yote, ya Mungu na ya bibi yetu na ya wajukuu. Wewe ulikuwa unatazama dirishani. Akaniona, akanirukia: "Mwambie! Wewe ndiye anakusikia! Mimi ananiona mtoto, wewe ndiye Tata wake, mwambie akubali!"

Nikamwambia, "Moraa, tulia. Kuna mambo yaliyo mikononi mwetu na mambo ambayo—"

"Wachukue Wagiriki wako," akasema, "uende nao chooni."

Wanawake wa vitanda vya jirani walicheka, mmoja akasema amina. Wewe hukucheka. Uliniangalia. Muda mrefu, Baba. Nimelirudia lile tazamo zaidi ya kitu chochote maishani mwangu. Siku ile nilidhani unanistaajabia. Nilisimama wima zaidi kidogo ili unione vizuri.

Siku ya pili ulinituma nimpeleke Moraa akanywe chai, nami nirudi peke yangu. Nikarudi. Uliuliza kama ng'ombe wamekamuliwa. Nikasema ndiyo. Uliuliza kama mvua imenyesha Nyansiongo. Nikasema kidogo. Ukaikunja shuka ya hospitali pembeni, ukaikunjua, ukaikunja tena. Kisha ukasema, bila kuniangalia:

"Na wewe, Tata, unaonaje?"

Swali lile lilikuwa mlango, Baba. Hata fundi wa kuchapa, hata mtu wa kidato cha pili, alipaswa kuuona. Nilichoona mimi ni mtihani, na jibu nilikuwa nalo kifuani, limepigwa mstari kwa kalamu nyekundu.

"Mimi naona ni uamuzi wako, Baba. Wowote utakaouchukua, mimi ni sawa."

"Uko sawa?"

"Niko sawa kabisa."

"Haya," ukasema.

Ukasema *haya*, na mimi sikukufuata nyuma ya zizi.

Walileta fomu ya kukataa upasuaji. Kwa kuwa kazi yangu ni maandishi, niliijaza mimi, kwa mwandiko mzuri, na nikasahihisha hata kosa moja la tahajia lililokuwa limechapwa humo. Nilikushika kidole gumba nikakichovya kwenye wino. Kilikuwa cheusi tayari kwa utomvu wa chai, wino haukuongeza kitu. Ukakibonyeza. Moraa alikuwa mlangoni na kikombe cha plastiki mkononi, na hakusema neno kwangu hadi tulipofika nyumbani, na baada ya hapo akazoea kutosema.

Uliishi siku kumi na tisa. Sitayaandika yote, uliyaona. Nitaandika tu kwamba nilikaa kando ya kitanda chako nikiwa mtulivu, na wanaume waliokuja kukuona walinishika bega wakasema, huyu ndiye mwanamume. Ulipokata roho ilikuwa asubuhi, ng'ombe wakikamuliwa, na mimi niliangalia saa ili niandike muda sahihi kwenye wasifu.

Sasa nikuambie jambo ambalo wewe ulikuwa ukilijua na mimi sikulijua. Majuma matatu baada ya mazishi, mimi na Moraa tulikuwa chumbani kwako tukitenganisha nguo, za kugawa na za kubaki. Alikuwa akikunja ile sweta ya kijani. Akasema, kana kwamba anazungumza na sweta:

"Unajua alikuwa amekubali?"

"Nani?"

"Baba. Alikuwa amekubali tangu siku ya kwanza. Aliniambia kwenye gari tukirudi, wewe umekaa mbele na dereva. Alisema, 'Nilikuwa nangoja Tata aniombe mara ya pili. Hakuniomba hata ya kwanza.' Nikataka gari ligeuzwe, akaniapisha nisikuambie: kuombwa kwa kutumwa si kuombwa."

Nikamwambia haiwezekani. Alikataa kwa mdomo wake. Nilimsikia.

"Alikataa," Moraa akasema. "Tangu lini mtu wa kwetu akakubali kitu alipoulizwa mara ya kwanza?"

Nikakaa juu ya zile nguo.

Unaikumbuka safari yetu ya Nyamarambe, kwa dada yako mkubwa? Nilikuwa na miaka minane hivi. Tuliondoka bila kula, na njiani ukanipa sheria: "Ukiulizwa kama umekula, sema umeshiba. Ukiombwa tena, sema hapana asante. Ya tatu, nawa mikono." Ukanieleza kwamba anayekubali mara moja ni mlafi, na anayeomba mara moja tu hataki ule. Tukafika. Bahati mbaya aliyetupokea alikuwa mume wa dada yako, yule aliyefanya kazi Nairobi miaka mingi. Akauliza, "Mtakula?" Ukasema, "Tumeshiba kabisa." Akasema, "Sawa," akafunika kuku, akarudisha kabatini. Tulikaa saa tatu tukisikiliza habari za Nairobi na harufu ya kuku. Kwenye kilima cha kurudi ulivunja muwa wa mtu tukatafuna, nawe ukamlaani yule shemeji kwa sauti, kijito hadi kijito. "Amesoma," ukasema, "mpaka amekuwa mjinga."

Nilicheka siku hiyo hadi nikapaliwa na muwa. Baba, ningelipa nini kutocheka.

Kwa hiyo ulikuwa hutaki kufa. Ulitaka kuombwa. Ulikuwa umekaa kwenye kitanda cha hospitali kama mgeni mwenye adabu mbele ya chakula, una njaa, na umesema umeshiba, na uliyemlea kwa mikono yako akasema sawa, akafunika sufuria. Hukuweza kusema, "Nataka kuishi hata kwa mguu mmoja, hata nikiwa mzigo." Mwanamke aliyebeba kikapu tangu ujana wake hasemi hivyo. Huwa anasemewa. Ulitaka mtu wa pili aseme kwamba mzigo huo anautaka, kisha wewe ukubali shingo upande, ulalamike njia nzima, uishi.

Na uliponiuliza naonaje, ulikuwa umevunja adabu yako yote kunisaidia. Mgeni amefikia hatua ya kuuliza kama kuna kuku.

Nimerudi kwenye kitabu, nisiseme uongo. Nilitaka kukichoma kwanza nikakosa hasira. Hasira niliimaliza zamani, kwa mazoezi. Nikakisoma tena. Hakina kosa, Baba, hilo ndilo linaloniudhi. Kinasema mtu huzaliwa kwa ajili ya wenzake, kama mkono kwa mkono wa pili. Kurasa hizo zilikuwepo, panya hawakuzigusa. Mimi ndiye niliyezipitia haraka kwa sababu hazikuwa na utulivu ndani yake. Mafungu mawili nayo yalikuwa sahihi. Mguu wako haukuwa mikononi mwangu. Uamuzi wako haukuwa mikononi mwangu. Lakini ulimi wangu ulikuwa wangu, na magoti yangu, na machozi kama ningeyaita. Niliyapanga yote upande wa mambo yasiyonihusu, nikaosha mikono, nikaita hiyo hekima. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa nikikuomba utakataa, na nikiomba nikakataliwa nitalia, na nikilia nitakuwa tena mtu wa bondeni.

Moraa anapokea simu zangu sasa. Nikimuuliza hali anasema *buya*. Nangoja. Naingoja lakini yake hadi salio linakwisha, na haileti. Simlaumu. Kuna watu ambao huwezi kuwaletea lakini mara mbili.

Chai yako imekuwa msitu. Jumapili bado napanda gari. Nasimama kwenye mstari wa pili, sina cha kusoma. Silii, hata hapo. Watu husema machozi huja yenyewe; yangu niliyafukuza kwa miaka kumi na yalikuwa na adabu, yalienda. Kitu pekee kilichobaki ndani yangu kinachofanya kazi vizuri ni ile sauti inayosema yaliyopita hayamo mikononi mwako, achilia. Inasema kweli. Inaniambia hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi naachilia, na jioni kile nilichokiachilia kiko palepale, hakijui kusoma.

Sijui namna ya kukuaga. Nafasi ya kukuaga ilikuwepo siku kumi na tisa nami nikaitumia kuwa mwanamume. Kwa hiyo sikuagi. Nitafanya jambo lingine, lisilo na faida, na wasomaji wanisamehe, wanaweza kuishia hapa.

Baba, kubali. Mwache daktari aukate. Utakuwa na mmoja, mmoja utatosha, nitakuchongea gongo, nitakujengea choo cha kukalia, nitakuogesha mwenyewe na utanitukana na nitakuogesha tena. Usiseme umeshiba. Utakuwa mzigo, najua, ndivyo ninavyotaka, nataka uwe mzigo, uwe mzito, unichoshe miaka kumi. Siko sawa. Nilikudanganya, siko sawa hata kidogo, naogopa na sitaki uende. Nakuomba. Wewe kataa tu, mimi niko hapa, nitakuomba tena.

Mwanao.